Fundi wa Joto, Mtoto wa Bibokoboko

Bibokoboko iko juu ya Baraka, kwenye milima ya Fizi inayolitazama Ziwa Tanganyika. Kule ziwani mtu hulala na shuka jepesi. Ukipanda kwa miguu kwenda juu, hewa inaanza kubadilika mapema, na ukifika usiku wa Juni au Julai unakuta kila nyumba ina moto ndani. Joto la nyumba kule lina mwenyewe. Kwa kawaida ni mama wa nyumba, au bibi. Ndiye anayejua kuni ipi inawaka haraka na ipi inatunza kaa mpaka alfajiri, ndiye anayesogeza kigogo mtoto akikohoa, na ndiye anayeamka wa kwanza kubandika maji ya kuoga wazee. Nayataja haya kwa sababu mtu ninayetaka kumsifu alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na leo kazi yake ni kufunga nyaya zinazolinda joto katika nyumba ambazo moto wake hauonekani.

Hataki jina lake liandikwe, kwa hiyo nitamwita Fundi. Aliondoka Fizi akiwa mdogo, akakulia Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, na huko ndiko alikoanza kushika waya: kufunga paneli ndogo za jua, kuchaji simu za watu, kutengeneza redio. Uingereza ilikuwa na mpango wa kupokea wakimbizi ulioitwa Gateway, ulioanza mwaka 2004, na Wakongo walikuwa miongoni mwa waliopokelewa katika miji kama Sheffield, Hull na Norwich. Yeye alifikia mji mmoja wa kaskazini, ambako katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Alisomea umeme chuoni. Baadaye akajikita katika kazi moja ambayo mafundi wengi wanaikwepa, yaani nyaya za vidhibiti vya joto la nyumba na maji ya moto. Wanaikwepa kwa sababu iko mpakani. Fundi bomba anasema huo ni umeme, fundi umeme anasema hayo ni mabomba, na kila mmoja anamwachia mwenzake. Fundi wetu aliingia pale katikati akabaki hapohapo.

Msomaji wa Bujumbura au Kigoma huenda hajawahi kuona nyumba ya namna hii, kwa hiyo nieleze. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila, ambayo kwa kawaida huchoma gesi, hupasha maji. Pampu huyasukuma kwenye mabomba hadi kwenye radieta, yale mabamba ya chuma yaliyofungwa ukutani, mara nyingi chini ya madirisha. Yakishapoa hurudi kwenye boila yapashwe tena. Nyumba yenye tangi la maji ya moto ina njia ya pili. Maji ya boila hupita katika bomba lililojizungusha tumboni mwa tangi, yakayaachia joto maji ya kuogea bila kuchanganyika nayo. Moto ni mmoja, njia ni mbili. Kila njia ina vali yenye mota ndogo juu yake. Kila njia ina themostati yake: moja imefungwa ukutani sebuleni, nyingine imefungwa kwa ukanda ubavuni mwa tangi. Juu ya hayo yote kuna saa ambayo mwenye nyumba huipanga atakavyo, maji alfajiri, joto jioni, au vyote kwa pamoja. Mpangilio huu wa vali mbili mafundi wa Uingereza huuita S-Plan.

Vifaa hivyo vimetawanyika nyumba nzima. Saa iko jikoni, themostati iko sebuleni, tangi liko kwenye kabati la ghorofani, boila pengine iko gereji. Nyaya zao zote huja kukutana katika boksi moja la plastiki linaloenea kwenye viganja viwili, lenye vibano kumi hivi vya skrubu. Anayelifungua boksi hilo kwa mara ya kwanza huona vurugu ya rangi. Anayelijua huona sentensi iliyokamilika.

Na sentensi yenyewe ni hii. Mtu angedhani kwamba sebule ikipoa, themostati huwasha boila. Haiwashi. Themostati hupeleka umeme kwenye mota ya vali tu. Mota inazunguka polepole ikishindana na springi, vali inafunguka, na ikishafunguka ndipo swichi ndogo iliyo ndani yake inabonyezwa. Swichi hiyo ndiyo inayoita boila na pampu. Chumba kinapiga hodi, vali inafungua mlango, na moto unakaribishwa baada ya mlango kuwa wazi. Boila haiwezi kuwaka ikisukuma maji dhidi ya njia iliyofungwa. Na kama hakuna anayeomba, si sebule wala tangi, basi hakuna umeme wa kuiita unaoifikia boila na inanyamaza. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinadai iwe hivyo, maana boila inayojiwasha na kujizima bila kuitwa hula gesi usiku kucha kwa ajili ya mabomba yake yenyewe.

Nimekaa na kazi hii kwa muda, na kila nikiifikiria naona uzuri wake uko katika mfuatano huo. Hakuna kompyuta ndani yake. Ni shaba, springi na swichi, na mtu aliyezipanga ili amri isitoke kabla ya ruhusa.

Siku moja Fundi aliitwa na mama mmoja wa Baraka anayekaa mtaa wa pili, akanikubalia niende naye. Mama alitufungulia akiwa amevaa makoti mawili.

"Mwanangu, radieta zangu zina ukaidi," alisema. "Hazipati moto mpaka niwashe na maji ya bafuni."

"Ukiwasha maji peke yake, mama, yanapata moto?"

"Yanapata. Maji hayana shida."

"Na ukiwasha vyote viwili, nyumba inapata joto?"

"Inapata vizuri sana. Ndiyo maana nawasha vyote, na pesa ya gesi inaniishia."

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa hajafungua kifuniko hata kimoja, na tatizo alishalijua. Mama akamuuliza kwao ni wapi. Akajibu, Bibokoboko. Wasomaji wa Fizi wanajua mapigano yaliyopita kati ya watu wa milimani na watu wa ziwani, na vijiji vilivyoungua. Walinyamaza kidogo wote wawili, kisha mama akaenda kubandika chai, na Fundi akapanda ngazi kuelekea kwenye kabati la tangi.

Alichokijua ni hiki. Kutoka kwenye kila vali hutoka nyaya tano. Wa kahawia unapeleka umeme kwenye mota. Wa buluu ni nyutro. Wa kijani na njano ni wa ardhini. Wa kijivu na wa rangi ya chungwa ni wa ile swichi ndogo: wa kijivu una moto, yaani umeme, wakati wote, ukingoja, na wa chungwa unapata moto pale tu vali inapofunguka, ukaupeleka kwa boila. Nyaya za chungwa za vali zote mbili hukutana kwenye kibano kimoja, kwa sababu boila haijali nani ameita. Sasa rudi kwenye maneno ya mama. Radieta zinapata joto maji yakiwashwa pamoja nazo. Maana yake vali ya radieta inafunguka, mota yake ni nzima, mabomba hayajaziba, pampu inasukuma, boila inawaka. Kilichokufa ni swichi ndogo ndani ya vali ya radieta. Mlango unafunguka lakini hakuna anayeuita moto. Vali ya maji ikifunguka, waya wake wa chungwa unaita boila, na maji ya moto yanapita pia kwenye mlango ule mwingine uliokuwa wazi muda wote. Mama alikuwa akilipia gesi ya kupasha tangi kila alipotaka kukaa sebuleni.

Kusikiliza maneno ya mwenye nyumba na kuyageuza kuwa ramani ya nyaya, hiyo ni nusu ya ufundi. Fundi anawauliza watu maswali kama daktari mzuri, polepole, bila kuwakatiza, na hamwambii mtu kwamba hajui kuitumia saa yake hata pale ambapo ni kweli.

Nusu ya pili ni kutoamini jibu lako mwenyewe. Alifungua boksi, akaweka ncha za testa kwenye nyutro na wa kahawia: volti 230. Nyutro na wa kijivu: volti 230. Akasukuma wenzo mdogo wa vali kwa kidole kuhakikisha imefunguka kweli. Nyutro na wa chungwa: sifuri. Hapo ndipo aliposema kwa sauti, "Ni swichi." Sehemu mbili ndizo zinazochoka mapema katika vali hizi, mota na swichi, na katika aina nyingi kichwa chote cha juu kinaweza kubadilishwa bila kumwaga maji ya mfumo.

Kabla ya kugusa shaba yoyote alizima umeme, na namna alivyozima ningependa kila kijana anayejiita fundi aione. Mfumo mzima wa joto, yaani saa, boila, pampu, vali na themostati, unatakiwa kulishwa kutoka kwenye swichi moja yenye fyuzi ya ampea 3, ili ukizima hapo vyote vife kwa pamoja. Aliizima. Akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni mwake, kwa sababu mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuona swichi imezimwa akaiwasha kwa nia njema. Kisha akajaribu testa yake kwenye kifaa kinachotoa umeme wa kuijaribia, ikawaka. Akapima boksi: moto na nyutro, moto na ardhi, nyutro na ardhi, halafu kila waya mmoja mmoja, pamoja na ule wa chungwa. Hakuna kitu. Kisha akairudisha testa kwenye kile kifaa, akaijaribu tena. Nilimuuliza kwa nini mara ya pili.

"Muzee, kama testa imekufa katikati, itaniambia waya umekufa. Itakuwa inasema uongo bila kujua."

Wapo wanaofunga boila kutoka soketi moja na saa kutoka soketi nyingine kwa sababu ilikuwa karibu. Ukizima moja, nyingine bado hai, na umeme unarudi kupitia waya wa chungwa hadi kwenye boksi uliloamini limekufa. Ndiyo maana anapima kila waya na haridhiki na ule unaoingia tu.

Boksi la mama lilikuwa limefungwa na mtu mwenye haraka. Nyaya tatu zilibanwa kwenye skrubu moja iliyotengenezwa kwa mbili. Shaba ilichungulia nje ya kibano. Waya mmoja wa buluu ulikuwa umetumika kupeleka moto kutoka themostati, bila alama yoyote. Hili la mwisho ndilo lililomkera. Katika waya wenye nyuzi nyingi, wakati mwingine unalazimika kutumia rangi ya nyutro kwa kazi ya moto, na sheria haikatazi, lakini inakutaka uuvishe waya huo mrija mdogo wa kahawia kwenye ncha zote mbili, ili atakayekuja baada yako asidanganywe na rangi. Na Uingereza rangi zenyewe zina historia. Hadi mwanzoni mwa karne hii waya wa moto katika kuta za nyumba ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Rangi mpya, kahawia na buluu, ziliruhusiwa kuanzia mwaka 2004 na zikawa lazima baada ya Machi 2006. Nyumba iliyojengwa zamani na kurekebishwa juzi ina lugha zote mbili ndani ya ukuta mmoja, na fundi lazima asome zote.

Angeweza kubadilisha kichwa cha vali akaenda zake. Mama asingejua tofauti. Badala yake alipiga picha ya boksi kama lilivyo, akachora kwenye karatasi kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, akabandika kila mmoja lebo yenye namba, kisha akafungua skrubu zote akaanza upya. Huu ndio wakati niliopenda kumtazama. Alikata kila waya kwa urefu wake, wa ardhini akiuacha mrefu kuliko wenzake, ili siku mtu akivuta kebo kwa nguvu, waya wa usalama uwe wa mwisho kuchomoka. Alichuna plastiki kiasi cha kuingia kwenye kibano na si zaidi, akizungusha koleo ili lisijeruhi shaba, maana waya uliochanjwa hukatika siku usiyoitarajia. Nyuzi laini alizivisha vikofia vya chuma ili skrubu isizitawanye. Alipokaza kila skrubu alivuta waya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, hata ule aliokuwa na uhakika nao. Kebo zote alizibana kwenye vishikizo vya mlangoni mwa boksi, ili uzito wake usining'inie kwenye skrubu.

Hakuna mtu anayelipa kwa hayo. Boksi likifungwa, hakuna anayeyaona. Nilipomwambia hivyo alijibu kwa Kiswahili cha kwetu kwamba kuna atakayeona: fundi mwenzake atakayelifungua mwaka fulani, usiku, baridi ikiwa kali, na mwenye nyumba akiwa mgonjwa juu kitandani. Huyo ndiye anayemfungia.

Kurudisha umeme nako kuna taratibu. Mfumo wa njia mbili una hali nne tu: hakuna anayeomba, maji peke yake, joto peke yake, vyote pamoja. Alizijaribu zote nne. Katika ile ya kwanza alisimama karibu na boila akisikiliza kimya, kwa sababu hali ya kutoombwa ndiyo ambayo mafundi wengi husahau kuijaribu, na boila isiyojua kunyamaza ni kosa sawa na boila isiyowaka. Kisha akapandisha themostati ya sebuleni. Mota ikaanza kunguruma kwa sauti ndogo, sekunde kadhaa zikapita, swichi ikalia tik, feni ya boila ikazunguka, cheche, na mwali ukashika. Akashusha themostati. Springi ikarudisha vali, boila ikazima, lakini pampu ikaendelea kuzunguka kwa dakika chache. Mama alishtuka. Fundi akamweleza kwamba ndivyo ilivyotengenezwa: boila nyingi za sasa huendesha pampu baada ya moto kuzimwa ili joto lililobaki kwenye chuma lisichemshe maji yaliyosimama. Ndiyo maana waya mmoja wa moto lazima uifikie boila wakati wote, hata ikiwa imepumzika. Anayeusahau waya huo huua boila taratibu, na haonekani aliyeiua.

S-Plan ni rahisi ukishaielewa. Kipimo halisi cha fundi ni mpangilio mwingine, Y-Plan, ambao vali yake ni moja yenye mlango unaokwenda pande tatu: maji peke yake, joto peke yake, au katikati, ukigawa kwa vyote viwili. Mota inajuaje kusimama katikati? Ndani ya kichwa cha vali kuna swichi mbili, kinzani na dayodi. Mlango ukifika katikati, swichi ya kwanza hubadilisha njia ya umeme na kuupitisha kwenye dayodi na kinzani, mota ikapata umeme wa upande mmoja usioweza kuizungusha, lakini wenye nguvu ya kutosha kuizuia springi isiivute nyuma. Inaganda pale ilipo. Tangi likipata joto la kutosha, themostati yake hupeleka umeme kwenye waya wa kijivu, na hapo mota hupata nguvu kamili, ikamalizia safari hadi upande wa radieta. Waya wa kijivu hapa haufanyi kazi ile ya kwenye S-Plan hata kidogo. Fundi anayekariri rangi bila kuelewa kazi yake ataunganisha Y-Plan kwa mazoea ya S-Plan, na atasumbuka mpaka usiku. Aliyegundua namna ya kuifanya mota iwe na hali tatu kwa vipande vichache vya bei ndogo alifanya jambo kubwa, na naona ajabu kwamba mamilioni ya watu wameoga maji yake bila kumshukuru.

Ombi la joto kwa njia ya waya lina umri mrefu kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1880 mwalimu Warren Johnson alikuwa akifundisha chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mhudumu wa chuo alilazimika kuingia darasani kila mara kutazama hali ya joto, kisha kushuka chini kurekebisha tanuri. Johnson alichoka kukatizwa. Akabuni kipimo cha umeme kilichopigia kengele chini kwa mhudumu, akapata hataza yake mwaka 1883. Miaka miwili baadaye, Minneapolis, Albert Butz akaunda mtambo uliofungua mlango wa hewa wa tanuri wenyewe, bila mtu wa kuitwa. Themostati ya sebuleni kwa mama wa Baraka ni mjukuu wa vifaa hivyo.

Na ina siri yake ndogo. Zile za zamani za kuzungusha kwa mkono, ambazo bado ziko kwenye kuta nyingi, zina ndani yake kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto. Lakini chumba hupata joto polepole, na radieta huendelea kutoa joto hata boila ikishazimwa. Themostati ikingoja chumba kifike, kitapitiliza. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kinzani kidogo kinachopasha kile kipande chenyewe kidogo tu wakati chumba kinaomba, ili kizime mapema kidogo. Kinzani hicho kinahitaji nyutro. Fundi mvivu hupeleka nyaya mbili tu kwenye themostati, na inafanya kazi, ila nyumba inakuwa ya moto sana kisha ya baridi sana, na wenye nyumba wanazoea bila kujua kwamba kuna waya mmoja haukufika. Fundi hupeleka wa tatu, na wa ardhini, kila mara ambapo kifaa kinautaka. Huifunga kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua, mbali na radieta, mbali na jiko, ili ipime hewa wanayovuta watu.

Themostati za siku hizi zinatumia redio na intaneti, na mtu anaweza kuwasha joto la nyumba yake akiwa kwenye basi. Sina ugomvi nazo. Ila hata hizo, mwisho wa safari yake, zinafika kwenye boksi lile lile, na vali bado inaita boila kwa waya wa chungwa.

Kwenye tangi kuna nambari moja ambayo Fundi habishani nayo: nyuzi 60 za selsiasi. Bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na ugonjwa wao ulitambuliwa baada ya mkutano wa maveterani uliofanyika Philadelphia mwaka 1976. Kwa nyuzi 60 hufa. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto au mzee kwa sekunde chache, kwa hiyo panapohitajika huwekwa vali ya kuchanganya na maji baridi kabla ya bomba la kuogea. Mama alimwomba apunguze hadi 45 ili aokoe pesa. Alikataa kwa adabu, akamweleza sababu, na akamwonyesha namna ya kupanga saa ili tangi lipashwe kwa muda mfupi asubuhi badala ya mchana kutwa.

Nilimuuliza kama kazi hii ina faida yoyote kwa watu wa nyumbani, ambako hakuna boila wala radieta. Alinitazama kama niliyeuliza jambo lisilohitaji kuulizwa. Kule Fizi, alisema, wenye umeme wengi wanautoa juani. Paneli, kidhibiti cha chaji, betri, taa, simu. Nako kuna mfuatano: betri huunganishwa kwanza na kidhibiti, ndipo paneli, na wakati wa kufungua ni kinyume chake, kwa sababu vidhibiti vingi vinajifunza volti ya mfumo kutoka kwenye betri, na paneli ikivilisha bila betri inaweza kuviharibu. Nako kuna hesabu. Taa na vifaa vya wati 60 kwenye volti 230 huvuta robo ya ampea na kidogo tu. Wati hizohizo kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Waya mwembamba unaotosha Hull unapata moto Baraka. Fyuzi lazima ikae karibu na betri, kwa sababu betri ikikutana na nyaya zilizogusana haina subira. Na kuzima, kupima, kuweka lebo, kuvuta kila waya kwa vidole, hayo hayabadiliki kwa kuvuka bahari.

Alipoanza Nakivale hakuwa na mtu wa kumweleza lolote kati ya hayo. Alijifunza kwa kuunguza vifaa vya watu, na vitabu vya kazi vilikuwa vya Kiingereza. Mafundi wetu walioko Uingereza, Marekani, Kanada na Ulaya sasa ni wengi, na elimu yao inakaa kwenye magari yao ya kazi. Mchoro mmoja wa kidhibiti, betri na fyuzi wenye majina ya Kiswahili, uliopigwa picha na kutumwa kwa simu, unafika Baraka siku hiyohiyo. Nawaomba wauchore na kuutuma. Na vijana wa Baraka na Bibokoboko mnaofunga paneli, nawaomba hivi: kabla ya kununua paneli ya pili, nunueni testa nzuri na fyuzi za kutosha, na kila mtakapomaliza kazi bandikeni mchoro wake ndani ya kifuniko, wenye tarehe na alama ya kila waya.